Uzamili wa sayansi kwa aliyeko Kigoma: anza na kazi, malizia na fomu

Mwongozo huu ni wa mwenye shahada ya kwanza ya sayansi anayeishi Kigoma au mikoa ya jirani: mwalimu wa baiolojia Kasulu, afisa uvuvi Uvinza, mtaalamu wa maabara pale hospitali ya Maweni, au kijana aliyemaliza chuo mwaka jana na bado yuko nyumbani Ujiji akisubiri ajira. Karibu wote huuliza kwanza kama GPA yao (wastani wa alama za chuo) inatosha. Ni swali la haki, na jibu liko hatua ya 2. Ila linalowala watu miaka miwili na akiba yote ya benki ni lile wasilouliza: shahada hiyo itatumika wapi?

Hatua ya 1: Soma matangazo ya kazi kabla ya kusoma orodha ya kozi

Fungua tovuti ya ajira ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, uangalie matangazo ya mwaka mzima uliopita. Tafuta kazi unayoitaka, kisha soma sehemu ya sifa za mwombaji neno kwa neno. Utaona kwamba matangazo hutaja fani kwa majina: uvuvi, sayansi za majini, kemia, mikrobaiolojia, takwimu, mimea. Hapo ndipo wengi huumia. Vyuo vinabuni kozi zenye majina marefu ya kuvutia, yenye "ustahimilivu" na "uendelevu" ndani yake, na mhitimu anafika kwenye mchujo akakuta jina la shahada yake halimo kwenye tangazo. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua shahada yenye jina la kawaida, halafu mambo ya kisasa yaweke ndani ya tasnifu.

Matangazo hayo pia huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiyekuwa mtumishi wa umma. Mwenye miaka 43 anayepanga kusoma miaka miwili apige hesabu hiyo mapema.

Kwa Kigoma, fani yenye milango mingi ni maji na samaki. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo mjini Kigoma. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa hapa. Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika inayounganisha nchi nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kule, anayejua Kifaransa hata cha kuombea maji ana faida juu ya mwenzake mwenye GPA kubwa zaidi.

Kilimo nacho kimepanda. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, cha Kihinga kinashughulika na michikichi, na kwa Tabora kuna TARI Tumbi. Mwenye uzamili wa uzalishaji wa mbegu, magonjwa ya mimea au sayansi ya udongo anatafutwa na taasisi hizi na pia na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kemia inaingia kwenye mamlaka za maji, TBS (shirika la viwango), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Afya inaingia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo ina kituo Tabora, na kwenye taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara. Takwimu za afya na za idadi ya watu huuzika karibu kila mahali, ikiwemo miradi ya mashirika yanayohudumia wakimbizi Nyarugusu.

Sokwe wa Gombe na Mahale ndio wanaovuta ndoto nyingi. Utafiti wa Gombe ulianza 1960 na wa Mahale 1965, na dunia nzima inaujua mkoa huu kwa sababu hiyo. Lakini nafasi za kudumu ni chache, vibali ni vingi, na unashindana na watu wanaotoka nje wakiwa na fedha zao za utafiti. Ukiipenda fani hiyo, isomee kwa njia pana: ikolojia, magonjwa yanayovuka kutoka kwa wanyama kwenda kwa watu, au ramani za uoto kwa picha za satelaiti. Ujuzi wa namna hiyo unahamishika ukikosa nafasi porini.

Anayelenga kufundisha chuo kikuu azijue namba hizi mapema. Nafasi ya Mkufunzi Msaidizi hutaka shahada ya kwanza ya GPA 3.8 au zaidi. Mhadhiri Msaidizi hutakiwa kuwa na uzamili wa GPA 4.0, na bado wanarudi kuangalia shahada ya kwanza, isiyopungua 3.5 na kwenye matangazo mengine 3.8. Maana yake uzamili mzuri haufuti shahada ya kwanza ya 3.0. Mwenye 3.0 asome uzamili kwa ajili ya utafiti, maabara au miradi, na asikubali kudanganywa kwamba chuo kikuu kitamfumbia macho.

Kwa mtumishi aliyepo kazini: uzamili peke yake haupandishi mshahara. Unapanda ukibadilishiwa kada au ukipandishwa cheo kwa mujibu wa muundo wa utumishi, na hilo linategemea kama nafasi ipo kwenye ikama (orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa) na bajeti. Nenda kwa afisa utumishi umuulize swali moja la wazi: "Nikirudi na uzamili wa fani hii, kwenye muundo wangu nitakaa wapi?" Akisita, una jibu.

Hatua ya 2: Pima sifa zako

Vyuo vingi vya Tanzania hutumia kipimo cha pointi 5: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na la kufaulu 2.0 hadi 2.6. Kwa uzamili, mstari wa kawaida ni 2.7.

Piga mwenyewe hesabu, usitegemee kumbukumbu. Zidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, jumlisha, gawa kwa jumla ya krediti. Mfano: A kwenye krediti 12 ni 60, B+ kwenye 12 ni 48, B kwenye 8 ni 24, C kwenye 8 ni 16. Jumla 148, gawa kwa 40, unapata 3.7. Angalia na hili: baadhi ya vyuo hukata tarakimu baada ya desimali ya kwanza bila kuzungusha. Ukipata 3.48, wao wanaandika 3.4, nawe uliyekuwa ukijiita daraja la pili la juu unashuka.

Ukiwa chini ya 2.7 kuna njia tatu zinazokubalika kwa vyuo vingi, ingawa kila chuo kina masharti yake: stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja yenye matokeo mazuri; alama ya B au zaidi kwenye somo lenyewe unaloombea; au uzoefu wa kazi unaohusiana moja kwa moja na fani, ukiwa na barua za kuuthibitisha. Ya kwanza ndiyo ya uhakika zaidi. Wenye shahada zisizo na madaraja, kama udaktari wa binadamu au wa mifugo, hupimwa kwa wastani wa alama, mara nyingi B, na wanaotaka ubingwa wa tiba wawe wamemaliza mafunzo kwa vitendo na kusajiliwa.

Waliosoma Bujumbura, Lubumbashi au kwingine nje ya nchi wanahitaji utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kabla chuo hakijawapokea. Vyeti vya Kifaransa vitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, pamoja na transkripti yote. Kutafsiri cheti peke yake ni kosa linalorudisha faili nyuma kwa wiki kadhaa.

Kwa uzamivu (PhD), sifa ni uzamili unaohusiana na andiko lako la utafiti. Kama uzamili wako ulikuwa wa mitihani mitupu bila tasnifu, mara nyingi utakwama hapo, hivyo anayefikiria uzamivu siku za mbele achague tangu sasa uzamili wenye tasnifu.

Hatua ya 3: Tafuta swali linaloingia kwenye miezi sita

Mwombaji kutoka Kigoma karibu kila mara huja na kichwa kama hiki: "Athari za mabadiliko ya tabianchi katika Ziwa Tanganyika". Tatizo lake ni ukubwa. Ziwa lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa kina zaidi. Tafiti zilizochapishwa 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Kujua hilo kulihitaji vipimo vya miongo mingi. Wewe una miezi sita ya kukusanya data na mkopo wa rafiki.

Punguza mpaka ubaki na kitu unachoweza kukipima kwa mikono yako. Mfano: je, dagaa waliokaushwa juu ya chanja wana unyevu na ukungu mdogo kuliko waliokaushwa mchangani, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi? Sasa hesabu inakuja yenyewe. Njia 2 za kukausha, mara misimu 2, mara mialo 3, yaani sehemu za kushushia samaki (tuseme Katonga, Kibirizi na Muyobozi), mara sampuli 5 kila mahali: sampuli 60. Unyevu unapimwa kwa oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Vifaa hivyo maabara nyingi za chuo zinavyo. Mfuko wa sampuli ufungwe usipitishe hewa pale pale mwaloni, kwa sababu dagaa mkavu hunyonya unyevu wa mvua ya njiani, na ukipima jioni unakuwa umepima safari badala ya chanja.

Jaribu swali lako kwa mtindo huo huo: andika idadi ya sampuli, kifaa, na siku za kwenda na kurudi. Lisipoandikika hivyo, bado ni mada, halijawa swali.

Hatua ya 4: Mwandikie msimamizi kabla ya kulipia fomu

Ingia kwenye ukurasa wa idara husika: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SUA Morogoro kwa kilimo, UDOM Dodoma, MUHAS kwa afya, au Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, ambayo ilianza kupokea wanafunzi 2011 na hufundisha shahada za juu pekee. Tafuta walimu waliochapisha kitu karibu na swali lako miaka mitano ya karibuni. Chagua watatu, uandike kwa mmoja mmoja. Ukituma barua moja kwa wote watatu kwa pamoja, kila mmoja atadhani mwenzake atajibu.

Barua iwe fupi. Kitu cha namna hii kinatosha:

"Habari za kazi, Dkt. Mimi ni afisa uvuvi Wilaya ya Uvinza, nina shahada ya sayansi ya uvuvi, GPA 3.6. Naomba kuanza uzamili mwezi Oktoba. Nataka kulinganisha unyevu na ukungu kwenye dagaa wa chanja na wa mchangani kwenye mialo mitatu, sampuli 60. Nimesoma kazi yako ya ukaushaji wa samaki. Je, una nafasi ya kusimamia mwanafunzi mwaka huu, na je, kuna mradi unaoweza kugharimia vipimo? Nimeambatanisha andiko la kurasa mbili na transkripti."

Swali la mwisho kuhusu mradi ndilo lenye uzito. Mwalimu mwenye mradi anaweza kulipia kemikali, nauli na hata ada, na nafasi hizo nyingi hujazwa kabla hazijatangazwa. Usipojibiwa kwa siku 14, kumbusha mara moja, halafu nenda kwa mwingine. Uliza pia kama anatarajia likizo ya utafiti au kustaafu. Mwanafunzi aliyebadilishiwa msimamizi katikati hupoteza muhula mzima akianza kuelewana na mwingine.

Hatua ya 5: Karatasi

Kusanya: cheti na transkripti ya shahada, vyeti vya kidato cha nne na sita, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, wasifu, andiko la utafiti, na majina ya wadhamini wawili au watatu wa kukutolea maoni, angalau mmoja awe aliyekufundisha.

Linalochelewesha zaidi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema jina moja, cha chuo lingine, NIDA la tatu. Shughulikia kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu kabla hujaanza maombi. La pili ni wadhamini: usimwandike mtu bila kumwambia. Mfumo utamtumia barua pepe, ataiona ni takataka, na tarehe itapita. La tatu ni malipo. Ukipata kontro namba lipa siku hiyo hiyo na uhifadhi risiti, maana huwa na muda wake wa mwisho, na ada ya maombi hairudishwi.

Vyeti vichanganuliwe steshenari kwa skana ya kweli. Picha ya simu iliyopigwa juu ya kitanda, yenye kivuli cha mkono, inamwambia mpokeaji mambo mengi kukuhusu.

Mtumishi aandike barua ya kuomba ruhusa ya masomo kupitia kwa mkuu wake wa kazi hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na asiondoke kabla ya jibu la maandishi. Kuondoka kwa ruhusa ya mdomo kunageuka kuwa utoro kazini.

Hatua ya 6: Muda na fedha

Uzamili una krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800. Anayesoma kwa kutwa, saa 40 kwa wiki, anahitaji wiki 45 za kazi halisi. Kwa mitihani, likizo na kusubiri wasahihishaji inafika miezi 18 hadi 24. Mwalimu anayefundisha mchana na kusoma saa 15 kwa wiki anahitaji wiki 120. Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, na ni njia nzuri kwa asiyeweza kuacha kazi, ila kwa fani za maabara hakikisha kwanza vipimo vyako utavifanyia wapi.

Usitegemee mkopo wa Bodi ya Mikopo, ambao kwa sehemu kubwa ni wa shahada ya kwanza. Na kama ulikopa zamani, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yanaendelea ukiwa masomoni, hivyo bajeti ijengwe juu ya kinachobaki.

Ufadhili wa nje una masharti yanayojulikana. DAAD ya Ujerumani kwa kawaida haitaki shahada iliyozidi miaka 6 tangu uipate, na programu zake nyingi za maendeleo zinataka uzoefu wa miaka 2 kazini. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, inalipia uzamili wa mwaka mmoja, na unarudi nyumbani kwa miaka 2. Maombi mengi ya Ulaya hufunguliwa kati ya Agosti na Januari, kwa ajili ya kuanza Septemba ijayo. Pasipoti ni shilingi 150,000. Iombe kabla ya majibu. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huisha nguvu baada ya miaka 2, kwa hiyo usiufanye mtihani mapema mno. Vyuo vingi hukubali barua ya chuo chako cha awali inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, nayo ni ya bei ya nauli tu.

Hatua ya 7: Vibali na sampuli

Chuo kitakupa barua ya utambulisho wa utafiti. Unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia wilayani au halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Mwaloni, ongeza kamati ya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maana ndiyo inayojulikana na wavuvi. Utafiti unaohusu damu, wagonjwa au taarifa za afya unahitaji kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR. Utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na ndani ya hifadhi za taifa TANAPA. Anza miezi sita kabla.

Panga kwa kalenda ya hapa. Uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Aliyepanga kupima dagaa Julai alikuta mwalo mtupu. Wakati wa mbalamwezi kali wavuvi wa taa hupumzika pia. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuishia Aprili au Mei, na barabara za vijijini huamua ratiba kuliko msimamizi.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Chagua njia ya kuhifadhi sampuli inayovumilia joto na umeme unaokatika. Kipande cha nyama ya samaki kwa ajili ya DNA kiwekwe kwenye ethanoli ya asilimia 95, ujazo wake mara kumi ya kipande, na ibadilishwe baada ya saa 24 kwa kuwa maji ya kipande huizimua. Usitumie fomalini, inaharibu DNA. Ethanoli inawaka, hivyo ndege na mabasi vinaweza kuikataa. Damu au ute unaweza kukaushwa kwenye karatasi za FTA (karatasi maalumu za kuhifadhi DNA) na kusafiri ndani ya bahasha. Majani yakaushwe kwa silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu. Ukilazimika kutumia barafu, tafuta kwanza nani atakupokea upande wa pili, kwa jina na namba ya simu, na umpigie siku moja kabla.

Ukishatetea tasnifu na kusahihisha, muulize ofisi ya uzamili tarehe ya mahafali na siku ya kutoka kwa cheti. Sekretarieti ya Ajira haipokei matokeo ya muda wala taarifa ya matokeo. Inataka cheti na transkripti kamili. Aliyewasilisha tasnifu iliyofungwa wiki moja baada ya orodha ya wahitimu kupelekwa Seneti anasubiri mahafali ya mwaka unaofuata, na matangazo ya kazi hayamsubiri.